Siku Tatu za Binti Yangu Nakonde

Binti yangu alikuwa na miaka saba nilipomvusha mpaka bila mama yake kujua. Wakati ule kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba tumekwenda kusalimia ndugu. Leo siwezi kuliita jambo lile salamu.

Mimi na mama yake tulikuwa tumeachana mwaka na nusu. Mbele ya afisa ustawi wa jamii tulikubaliana mtoto akae na mama yake, mimi nimchukue Ijumaa jioni na kumrudisha Jumapili. Wote tulikuwa Tunduma, yeye muuguzi, mimi fundi wa matairi ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Kila Ijumaa nilisugua mikono kwa sabuni ya unga mpaka ikawasha, mtoto asije akanishika nikamchafua.

Ijumaa ile tukiwa tunakula chipsi akaniambia, "Baba, sisi tunahamia Chitete. Mama amepata uhamisho."

"Nani amekuambia?"

"Nimemsikia akiongea na bibi kwenye simu."

Niliisukuma sahani ya chipsi pembeni. Niliiona barabara ya Chitete wakati wa masika, magari yamezama kwenye tope, na mimi huku Ijumaa zangu zimeisha. Ningeweza kumpigia mama yake nikamuuliza. Sikupiga. Nilitaka niwe na hasira, na jibu lake lingeweza kuniondolea.

Jumamosi asubuhi nilimshika mkono tukapita vichochoro vya nyuma ya maduka, tukatokea Nakonde, upande wa Zambia, kwa dada yangu mkubwa, aliyeolewa huko. Getini kwa maafisa wa mpaka sikupita. Niliogopa swali moja tu, kwamba mama wa mtoto yuko wapi.

"Mtoto ni wa baba," dada alisema akitupokea. "Mwache hapa, mdogo wangu. Atasoma na wenzake."

Wenzake hao, watoto wa dada, walicheza kwa Kibemba. Binti yangu hakukijua, akabaki ameketi kizingitini na begi lake mapajani. Kila nilipomwambia aliweke ndani, alisema halimchoshi.

Jumapili, saa ya kumrudisha ilipopita, simu ikaanza kuita. Ikaita, ikakata, ikaita tena.

"Ni mama?" aliuliza.

"Ni mtu wa kazini."

Aliitazama simu, kisha akanitazama mimi. Alikuwa ameshajua kusoma, na jina la mama yake lilikuwa pale kwenye kioo. Niliizima nikaitia mfukoni.

Jumatatu aliamka mwenyewe, akanawa, akasimama mlangoni akingoja kupelekwa shule. Nilimwambia leo haendi. Hakulia. Uji aliopewa na shangazi yake uliganda kikombeni, na wali wa mchana nao hakuugusa. Dada alianza kugomba kwamba mtoto amedekezwa. Mimi nilikuwa uani najifanya natengeneza mguu wa kiti.

Alasiri akanifuata pale uani.

"Baba, mama amekufa?"

"Hapana! Kwa nini unasema hivyo?"

"Rafiki yangu wa shuleni, mama yake alipokufa, walimpeleka kwa shangazi yake. Hawakumwambia. Walimwambia wanakwenda kusalimia."

Siku mbili nzima alikuwa ameubeba msiba huo peke yake, na mimi nikidhani ananuna. Niliiwasha simu papo hapo. Mama yake alipokea kabla haijaita mara ya pili. Nilitegemea matusi.

"Yuko salama?" Sauti ilikuwa imekauka.

"Yupo. Yuko hapa."

"Mpe."

Mtoto aliposikia sauti ile ndipo akalia, kilio cha kukata pumzi, na dada yangu akaingia ndani asituone.

Tulirudi jioni ile ile. Mama yake alitungojea upande wa Tunduma pamoja na askari wa kike wa dawati la jinsia. Alimbeba mtoto kama vile bado mchanga, miguu inaning'inia. Kwangu alisema neno moja tu.

"Ungeniuliza."

Nilihojiwa, kisha shauri likaenda mahakamani Vwawa. Hakimu aliongea na binti yangu faraghani, na hadi leo sijui mtoto alimwambia nini. Uamuzi ulikuwa mtoto aende Chitete na mama yake, mimi nimwone mara moja kwa mwezi mama yake akiwepo, na asivushwe mpaka bila ridhaa ya mama yake. Mama yake hakuomba nizuiwe kabisa, na angeweza.

Sasa ni mwaka wa tatu. Masharti yamelegezwa, naruhusiwa kutoka naye peke yangu. Tope la barabara ile nimelizoea. Lakini kila tukitaka kuondoka pale kwao, binti yangu husimama kwanza na kuniuliza, "Tunakwenda wapi?" Namtajia kila mahali tutakapopita na saa tutakayorudi. Halafu anamgeukia mama yake, anamuuliza, "Umesikia?" Mama yake akishaitikia, ndipo ananipa mkono.