Nilimsingizia Mwalimu wa Kisomo Ili Nisijulikane Sijui Kusoma

Wenzangu, mimi ndiye niliyeliua darasa la kisomo la tawi letu la chama hapa Kariakoo. Si uvivu wa akina mama, kama mlivyoambiwa. Si mvua. Ni mimi!

Jina langu nalificha, maana bado nabeba mizigo sokoni na watu wana midomo. Mke niliyekuwa naye nitamwita Mwajuma, si jina lake. Lakini walionivimbisha kichwa nitawataja. Shomari, unajijua. Katibu Rajabu, nawe unajijua. Sikulifanya peke yangu jambo hili, ila nimeachiwa nilibebe peke yangu.

Nilikuja Dar es Salaam kutoka Kilwa nikiwa kijana, nikawa kuli. Shule sikwenda. Nilikwenda chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani. Chuoni kwetu mwalimu anasoma, mnaitikia, mnayumbayumba, kiboko kiko karibu, mpaka maneno yanakuingia. Mimi yaliniingia upesi kuliko wote. Juzuu nzima niliimaliza kwa moyo, na alifu sikuijua wala be sikuijua. Nani aliniuliza? Kwetu ukihifadhi, umesoma.

Basi serikali ikatangaza kila mtu mzima asome. Tukaandikishwa, mimi na Mwajuma na rafiki yangu Shomari, kuli mwenzangu. Saa kumi jioni tukitoka kazini tunaingia ukumbi wa tawi. Mwalimu wetu alikuwa Bakari, kijana aliyemaliza la saba, mpole, anafundisha kwa kujitolea. Anasoma, tunaitikia.

Mnaona nilipoangukia! Nikafanya yale yale ya chuoni. Bakari akisoma ukurasa mara mbili tatu, mimi tayari ninao kichwani. Nikiitwa, nasimama, nashika kitabu, nateremka nao kama maji. Wenzangu wakifunua ukurasa, nami nafunua. Kwenye kuandika nilikuwa nachora kwa kuiga ya jirani, basi.

"Huyu si mwanafunzi, huyu ni redio!" Shomari akipiga kelele. "Mwalimu, mpe kiti chako!"

Nami nikacheka. Nikavimba. Shomari, laiti siku ile ungenyamaza!

Katibu Rajabu akaja kuniona, akanifanya mfano. Wageni wakija tawini, natolewa mbele. "Ndugu huyu ni kuli, tazameni ujamaa unavyofungua macho!" Mimi nasoma, wanapiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyesema, hebu soma na hili hapa pembeni. Hata mmoja! Walitaka kupiga makofi, wakapiga.

Mwajuma alikuwa kinyume changu. Yeye alikwenda herufi kwa herufi, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Ba. Ba-ba. A-na. Anakosea, anarudi. Jasho linamtoka.

"Shemeji, hilo neno limekukwama kooni kama mwiba!" Shomari anamwambia, darasa zima linaangua kicheko. Na mimi mumewe nacheka kuliko wote.

Yeye naye anacheka! "Chekeni tu. Leo limekwama, kesho nitalitema." Na kesho yake kweli analitema, anakwama kwenye jingine. Sikuelewa moyo ule umetengenezwa na nini. Nilidhani ni ujinga. Mtu anachekwa, anarudi tena palepale pa kuchekewa?

Jioni moja tuko nyumbani, Mtaa wa Sikukuu, amekaa barazani na kitabu. Akaweka kidole katikati ya ukurasa.

"Mume wangu, hapa pameandikwa nini?"

Nikaanza ukurasa kutoka juu.

"Siyo huko juu. Hapa, penye kidole changu."

Nikaanza tena kutoka juu, haraka zaidi, ili nifike penye kidole. Sikujua ni wapi pa kusimama. Nikapapita, nikafika mwisho wa ukurasa. Mwajuma akanitazama. Hakucheka! Afadhali angecheka.

"Hujui," akasema, taratibu, wapangaji wenzetu wasisikie. "Basi tuanze wote a, e, i. Mimi sitamwambia mtu. Kesho mwambie Bakari akurudishe nyuma, mtihani bado."

Mtihani! Hapo ndipo penye roho yangu. Msimamizi wa ghala nililokuwa nikibebea mizigo alikuwa ameahidi: kuli atakayefaulu mtihani wa kisomo atakuwa mnyapara. Ashike karatasi, aache gunia. Sokoni kote walishaanza kuniita mnyapara, nami nikiitika. Na katika mtihani unapewa maneno usiyowahi kuyasikia, unakaa peke yako.

Jamani, dawa ilikuwa pale pale barazani, imekaa karibu yangu, inanong'ona ili nisiaibike. Nikaikataa. Nikamwambia, "Mwanamke, umeanza kunipanda kichwani kwa sababu ya kitabu." Nikatoka. Nikazunguka Mtaa wa Kongo, nikazunguka Msimbazi, nikarudi, nikatoka tena. Miguu haikutaka kusimama. Nikawaza: darasa likifa, mtihani umekufa. Mtihani ukifa, mimi bado ni redio.

Nikaenda kwa Katibu Rajabu.

"Ndugu Katibu, mwalimu wako anawafundisha wake za watu mambo mengine."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona. Anamshika mkono mke wangu."

Sasa sikilizeni uongo ulivyo. Kumshika mkono alimshika! Bakari alikuwa anatushika mkono wote, vidole vyetu vigumu, anatuongozea penseli mpaka herufi itoke. Mkono ule ule alinishika na mimi. Nilisema nusu ya kweli, nusu nyingine nikaimeza.

Katibu hakuuliza zaidi. Nami namtaja, kwa sababu mtu mzima, kiongozi, alitakiwa aulize! Alimwita yule kijana mbele ya wazee wa mtaa akamwambia arudishe chaki na asionekane tena. Bakari alisema neno moja tu, "Mwulizeni Mwajuma." Hakuulizwa.

Habari ilitembea mtaani kabla ya magharibi. Wanaume wakawazuia wake zao. Bibi mmoja mwuza vitumbua, aliyekuwa amebakiza kidogo tu aweze kuandika jina lake, alikuja ukumbini na sleti yake ya kuandikia akakuta kufuli. Akakaa pale kwenye ngazi mpaka giza. Nilimwona. Nikapita upande wa pili.

Nyumbani Mwajuma alikuwa amefunga nguo zake.

"Umeona aibu kuchekwa," akaniambia, "ukaona heri mimi niitwe malaya."

Nilitakiwa nianguke miguuni kwake. Badala yake, kwa kiburi, nikamfuata na talaka huko Buguruni kwa kaka yake. Na talaka yenyewe, wenzangu, sikuweza kuiandika! Nilimwomba mtu akaniandikia, nikatia dole gumba.

Kaka yake alitaka kumsomea. Mwajuma akasema, "Niache nisome mwenyewe." Akasimama mlangoni, kidole juu ya karatasi. Mi-mi. Ni-me-. Alikwenda herufi kwa herufi, na mimi nimesimama uani nasubiri. Alikwama neno moja, akarudi, akalitoa. Akaimaliza. Akaikunja.

"Nimekusikia," akasema.

Hiyo ndiyo karatasi ya kwanza aliyoisoma duniani nje ya darasa. Mimi ndiye niliyempelekea.

Yeye hakukata tamaa. Huko Buguruni aliingia darasa jingine, huku maneno yangu yakimfuata mpaka huko, wanawake wakimpa mgongo kwenye benchi. Akakaa. Akafaulu. Leo anapima sukari na kuandika hesabu katika duka la ushirika, na ameolewa na mtu mwenye akili. Bakari alihama mji. Nilikwenda kwa mama yake, mtaa wa Gerezani, kuomba radhi, akanijibu akiwa ndani, mlango umefungwa: "Shikamoo zako peleka kwingine. Mwanangu hakushindwa na kazi. Alishindwa na mtu mmoja."

Unyapara akapewa mwingine. Shomari alipojua kweli alinicheka wiki nzima, kisha akasahau akaenda zake. Hicho ndicho kicheko nilichokiogopa kiasi kile! Kilikwisha kama pilau la harusi.

Baadaye nilianza upya Ilala, darasa ambalo hakuna anijuaye. Siku ya kwanza niliitwa ubaoni niandike u, nikaandika kitu kama ndoano. Wakacheka. Nikatoka mbio mpaka Mnazi Mmoja, nikasimama pale nahema, mtu mzima mwenye mvi. Nikarudi. Nikakimbia tena siku nyingine, nikarudi tena. Ndivyo nilivyosoma, kwa kukimbia na kurudi. Kichwa changu ni kile kile kilichoimeza juzuu nzima. Tatizo halikuwa kichwa, lilikuwa uso. Sikutaka uso wangu uonekane umekosea.

Hata leo situlii. Nikikaa nainuka. Nikiona mtu ameshika gazeti naangalia midomo yake, kama anasoma kweli.

Wewe uliyekaa benchi la nyuma, unatikisa midomo wenzako wakisoma, nakuona! Simama useme sijui. Ukikosea, kosea kwa sauti. Watacheka, kisha watakwenda kula chakula chao na kulala. Na nyinyi mnaopigia watu makofi, ulizeni kwanza, msiue mtu kwa sifa. Na mwenye mke aliyemzidi, akubali kuzidiwa, akae karibu naye, aulize.

Ndugu Mhariri, haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, nimefuta sana. Utakuta makosa. Usiyasahihishe yote. Mengine yaache, watu wayacheke.