Mgeni Aliyekataa Chai ya Mama Soa

Mimi ni fundi redio. Kazi yangu ni kutafuta chanzo cha kelele, na nisipokipata humwambia mwenye redio waziwazi kwamba sijakipata. Kwa hiyo nikikuambia kwamba haya yalinikuta, Moroni na Mutsamudu, katika ile miaka ambayo mamluki wa Kizungu ndio waliokuwa na bunduki nchini kwetu, nakuomba uniamini kama unavyomwamini fundi wako. Nimeyafungua na kuyafunga mara nyingi. Chanzo chake sijakipata.

Kwanza ujue nilikuwa katika hali gani. Nilizaliwa Unguja kwa wazazi wa Kingazija, nikahamia Moroni nikiwa mtu mzima, nikaoa. Mke wangu aliitwa Mariama. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mume huingia kwa mkewe, na mke akifa nyumba hubaki kwa ndugu zake wa kike. Mariama alipofariki, dada zake hawakunifukuza. Walinililia. Lakini mila ni mila, nikahamishia kitanda kwenye kibanda changu cha kazi karibu na soko la Volo Volo. Hapo ndipo yule kijana aliponikuta.

Hakuja kwa ajili yangu. Aliyemwita ni Mama Soa, mshonaji wa Kimalagasi aliyekuwa akiishi mtaa wa Hombo, kule Mutsamudu, katika kisiwa cha Nzwani. Kila nilipovuka kwenda huko kutengeneza redio za watu, nilimtengenezea na cherehani yake. Alikuwa Mkristo, na alikuwa na binti mmoja tu, Soa, aliyekufa kwa homa kabla hajavunja ungo. Tangu siku ile Mama Soa alibaki na swali moja. Nitamwona tena mwanangu, nimjue na yeye anijue? Kila aliyemuuliza alimjibu kwa maneno mapana: Mungu ni mwema, subiri. Halafu mke wa mhandisi mmoja wa kigeni, ambaye Mama Soa alikuwa akimshonea nguo, akamwambia kuna Wakristo wanaoitwa Wamormoni, na hao wanafundisha kwamba kaburi halikati uzazi. Mama hubaki mama na mwana hubaki mwana. Mama Soa akaniomba niwaandikie walioko Mombasa, kwa Kiswahili. Wakajibu kwamba vijana wawili watakuja kumfundisha wiki moja. Serikali ikaruhusu kwa sharti kwamba wamfundishe huyo mgeni peke yake, wasimsogelee Mwislamu yeyote.

Basi, Jumatatu moja, magharibi, umeme umekatika kama kawaida yake, nawasha kandili, nikasikia hodi. Kijana wa Kizungu kasimama mlangoni. Shati jeupe, tai nyembamba, kibati cheusi cha jina kifuani.

"Wewe ndiye fundi uliyetuandikia?" Kiswahili chake kilikuwa cha bara, lakini safi.

"Ndimi. Mwenzako yuko wapi?"

Niliuliza kwa sababu nilikuwa nimejisomea habari zao. Vijana wale hawatembei mmoja mmoja. Wanalala chumba kimoja, wanakwenda sokoni pamoja. Kumwacha mwenzako peke yake ni kosa.

"Anakuja nyuma," alisema. "Alitoka mara moja tu."

Nikamkaribisha, nikammiminia chai. Akautazama ule mvuke ukipanda, akatabasamu. "Ahsante, Fundi. Kwetu chai hairuhusiwi." Hilo nalo nilikuwa nimelisoma, chai na kahawa hawagusi. Nikamletea maji. "Nimefunga," akasema.

Sasa wewe niambie, ungefanya nini? Sisi ni watu tuliolelewa tukijua hiki halali, hiki haramu. Mtu akikuambia dini yake imemkataza kitu, humuulizi mara ya pili. Ukimuuliza umemvunjia heshima. Nikanywa chai yangu na yake, nikamwona ni Mzungu mwenye adabu. Nilimpisha kitanda, na nilipoamka alfajiri nilimkuta amekaa palepale kwenye kigoda, shati halina kunjo. Nikajisemea, huyu ni mtu wa ibada.

Asubuhi tulipita Volo Volo kwenda bandarini. Wauza samaki wakanidaka.

"Fundi! Leo umenunuliwa na mamluki?"

"Si mamluki huyu, mama. Ni mwalimu."

"Mwalimu wa nini, wa bastola?"

Wakacheka. Mmoja wao, mwanamke mnene aliyejipaka msindano, liwa ya kwetu, usoni, hakucheka. Alimtazama kijana kwa muda, akasema, "Mbona kapauka hivi? Huyu hana mama? Mlishe mtoto wa watu, Fundi."

Bandarini askari wa gadi ya rais alimpigia saluti. Kwenye boti la mizigo hakuna aliyemwomba tiketi wala pasi. Unashangaa? Wakati ule nani angethubutu kumwomba Mzungu karatasi? Kila Mzungu aliyetembea kwa utulivu tulimdhania ni mmoja wa wale wakubwa, tukampisha njia. Nakueleza haya ili uone kwamba kila jambo lilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilitosha.

Mama Soa alikuwa ametandika kitambaa kipya mezani, viti viwili, vikombe viwili. Nilikuwa nimemweleza kwamba vijana wale huitana Mzee, ndiyo heshima yao. Akamtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Huyu ndiye Mzee? Mzee gani hana hata unyoya kidevuni! Karibu, mjukuu wangu."

Nilipomtafsiria, kijana alicheka. Ndiyo mara pekee nilimsikia akicheka. Kisha akakivuta kiti cha pili, akakiweka kuliani kwake. "Cha mwenzangu," akasema. Hakikukaliwa na mtu wiki nzima.

Kila siku baada ya Alasiri alifundisha. Yeye alisema kwa Kiswahili, mimi nikageuza kwa lugha ya Nzwani, na kwa kuwa ulimi wangu ni wa Ngazija, Mama Soa alinisahihisha huku akinidhihaki. Wao wawili hawakuwa na lugha moja ya kuzungumzia. Mama Soa alijua Kimalagasi na Kinzwani, kijana alijua Kiingereza na Kiswahili. Bila mimi wangebaki kutazamana. Naomba ulikumbuke hilo, kwa sababu mimi mwenyewe nililisahau.

Chai ya majani yenye mchaichai ilipoa mbele yake kila siku. Mama Soa aliishi miongoni mwetu miaka mingi, naye akawa na adabu ileile. "Mwache," aliniambia. "Kila mtu na mwiko wake."

Hakuhubiri kwa kelele. Aliuliza zaidi kuliko alivyosema. Soa alikuwa anapenda nini? Alikuwa anaimba? Alizikwa na nguo gani? Mama Soa akasema gauni la manjano, alilishona mwenyewe usiku wa msiba, machozi yakamziba macho, mkono mmoja ukatoka mrefu kuliko mwenzake.

"Wa kushoto," kijana akasema taratibu.

Nikatafsiri. Mama Soa akaitikia kwa kichwa, "Ndiyo, wa kushoto," na maneno yakaendelea. Yeye alidhani kijana nimemwambia mimi. Mimi nilidhani amemwambia yeye, labda nilipokuwa nimetoka kuswali.

Siku nyingine Mama Soa alikunja mikono kifuani. "Muulize, Fundi. Haya anayonifundisha ameyasoma, au ameyaona?"

Kijana alimgeukia Mama Soa. "Zamani niliyasoma tu," akajibu. "Sasa nayajua."

Niamini, sikuona kitu katika jibu hilo. Nani asiyesema hivyo kuhusu dini yake?

Jumamosi, siku ya mwisho, aliomba kuonyeshwa kaburi. Tukapanda barabara ya Patsy hadi pale walipozikwa Wakristo wachache wa kigeni. Alisimama kando ya kaburi la Soa, mikono nyuma, kama mtu anayengojea mlango ufunguliwe. Tulipoteremka hadi njia panda, jua lilikuwa linazama na mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi swala.

"Nyinyi rudini," akasema. "Mimi nitakaa hapa nimngoje mwenzangu."

Mama Soa alimpa mkate aliomfungia kwenye kitambaa. Kijana aliupokea, akauweka juu ya jiwe. Kisha akanigeukia. "Fundi, una salamu za kupeleka?"

Nina binamu zangu Mombasa. Hao ndio waliokuja akilini mwangu. "Wasalimie wote," nikasema.

"Wote? Hakuna mmoja?"

"Wote tu, Mzee. Safari njema."

Akamtazama na Mama Soa. Nikatafsiri. Mama Soa, kwa aibu ya mtu asiyetaka kumlemea mgeni, akasema yaleyale, "Wasalimie wote huko kwenu." Tukaondoka. Nilipogeuka kwenye kona alikuwa bado amesimama, shati lake jeupe likionekana wazi ilhali giza lilikuwa limeshameza kila kitu.

Asubuhi yake mkate ulikuwa palepale juu ya jiwe. Hata sisimizi hawakuugusa.

Jumatatu nilikuwa kwa Mama Soa nafunga vifaa vyangu nirudi Moroni, tukasikia hodi. Kijana mwingine wa Kizungu, tai ileile, kibati kilekile. Lakini shati lake lilikuwa limekunjamana na macho yake mekundu. Nikamwambia kwa mzaha, "Umechelewa, bwana! Mwenzako ameshafundisha wiki nzima. Mmepishana barabara ya Patsy."

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Akasema amekuja kumwomba mama huyu radhi kwa kuwa hawakuja. Wangesafiri Jumatatu iliyopita, lakini Jumapili, siku moja kabla ya safari, mwenzake alifariki. Malaria ilimpanda kichwani, katika hospitali moja ya Mombasa.

"Sikumwacha siku zote za ugonjwa," alisema. "Hatuachani, ndiyo kanuni yetu. Nilitoka mara moja tu, kumchotea maji. Niliporudi..."

Maneno yale nilikuwa nimeshayasikia kwa mdomo mwingine, mlangoni pangu, kandili mkononi. Akatoa picha, wao wawili wamesimama mbele ya ukuta. Sikuhitaji kuisogeza kwenye mwanga.

Nilimweleza yote, tangu kigoda hadi njia panda. Sikujua kama ataniita mwongo. Akauliza jambo moja tu, na sauti yake ilikuwa ya mtoto: "Alikasirika?"

"Hapana," nikamwambia. "Kila tulipomuuliza alisema unakuja nyuma. Alikuwekea kiti."

Nikamwonyesha. Kilikuwa bado mahali pake, kuliani. Yule kijana akakikalia, akauweka uso wake juu ya meza ya watu, akalia kwa namna ambayo sisi hatuwaruhusu wanaume kulia. Nikampa maji, akayanywa yote hadi tone la mwisho. Nilimtazama koo lake likipanda na kushuka. Mungu anisamehe, nilikuwa nahakikisha.

Mama Soa alikuwa hajaelewa kitu, alikuwa akituangalia midomo. Nikamtafsiria polepole. Hakupiga kelele. Alisimama, akaenda kwenye cherehani yake, akashika kitambaa, akakiacha.

"Fundi," akasema. "Ule mkono wa gauni. Ulimwambia wewe?"

"Mimi nilikuwa silijui hilo gauni. Si ulimwambia wewe?"

"Kwa lugha gani?"

Tukatazamana. Hapo ndipo tulipoelewa sote wawili kwa pamoja.

"Amemwona," Mama Soa akasema. "Amekaa hapa wiki nzima, ametoka kumwona mwanangu, na mimi nimemuuliza habari za vitabu. Sikumuuliza kama Soa anakula. Sikumuuliza kama anaogopa giza. Ameniomba salamu, Fundi, nikamwambia wote."

Na mimi nilikuwa nimesema wote.

Nilipowasimulia watu Moroni, mwalimu wa msikiti wetu alisema ni jini. Namheshimu, lakini jini ana kazi gani ya kuvuka bahari ili amfariji mshonaji? Mimi ni Mwislamu na sikubadili chochote katika dini yangu. Nasema tu niliyoyaona. Mama Soa hakutafuta tena wa kumfundisha. Alikuwa na jibu lake, na jibu lile lilimmaliza kuliko swali. Mpaka alipofariki, akazikwa kule juu ubavuni mwa binti yake, kila aliyebisha hodi nyumbani kwake aliwekewa kikombe cha chai, na yeye akakaa mbele yake akiutazama mkono wa mgeni. Mgeni alipokunywa, Mama Soa alishukuru kwa adabu na uso wake ukazimika.

Mimi bado nalala kibandani. Kila magharibi umeme ukikatika, namimina vikombe viwili. Nimeshajiandaa. Yule kijana akirudi kuniuliza tena, nitamwambia yuko mmoja, anaitwa Mariama, na mumewe bado anakunywa chai peke yake karibu na soko.

Na wewe unayenisikiliza, shika neno hili. Mgeni akiikataa chai yako, mheshimu, lakini muulize anatoka wapi. Na mtu yeyote akikuuliza njiani kama una salamu za kupeleka, usimjibu kwa adabu za mdomo. Mtaje unayemkusudia kwa jina lake.