Hadubini ya Elias Sebuleni kwa Baba

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi kali, mwanangu, tulipokuwa tukikaa mtaa wa Mount Dennis huku ugenini, Elias alipokuja kujitambulisha kwa baba yangu ili anipose. Alibeba sanduku la mbao. Najua utanijibu kwa Kiingereza; si kitu, wewe sikiliza tu.

Elias alikuwa akikarabati na kuuza hadubini za kale, vile vyombo vya shaba vya kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho. Shangazi yangu, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, alikuwa ameshamhukumu: "Muuza vyuma vikuukuu! Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Baba naye alikuwa ameniambia waziwazi kwamba angemsikiliza kwa adabu, kisha amkatalie. Nilipika sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, huku sikio langu likiwa sebuleni.

Elias akafungua sanduku, akaitoa hadubini moja na kuiweka mezani. Baba akagusa jina lililochongwa kwenye shaba. "Huyu nani?"

"Fundi aliyeitengeneza na kuiuza dukani kwake, Papa. Alichonga jina ili ikiwa na kasoro, watu wajue wa kumlaumu."

Baba, aliyekuwa fundi cherehani kule kwetu Uvira, akaguna. Nadhani alipendezwa. Elias akaweka ngozi nyembamba ya kitunguu chini ya lenzi, akamkaribisha. Baba akainama, akakaza jicho.

"Naona majani meusi. Marefu!"

"Kaka, hizo si kope zako?" Shangazi akaangua kicheko.

Baba akasimama wima, uso umemwiva. Nikasema moyoni, basi, posa imekwisha.

Elias hakucheka. "Hata mimi nilianza hivyo hivyo, Papa. Rudi nyuma kidogo, usilazimishe jicho." Akamwelekeza taratibu, akarudia, akarudia tena, mpaka baba akanong'ona, "Kumbe ni vyumba! Vimepangwa kama matofali."

Elias alipoondoka, shangazi akaanza tena. Baba akamkatiza: "Aliyenivumilia mimi nilivyo mkaidi, atamvumilia na binti yangu."

Na amenivumilia, Mungu ni shahidi. Hata sombe ile iliyokuwa imeungua, aliila yote.

Mwanangu, wa kukucheka utawapata kila kona ya mji huu. Kabla hujampa mtu moyo wako, mtazame siku mwenzake anapokosea mbele za watu. Akimwinua bila kumwaibisha, mshike. Akimcheka, leo ni mwenzake, kesho ni wewe. Nawe jifunze upole huo, maana heshima si utumwa. Mungu akujalie nyumba ambayo mtu anaweza kukosea ndani yake bila hofu, na wanao wakue humo wakicheka. Amina.