Fundi Mwanya: Sakafu ilipoinuka, alijifunza kuacha nafasi

Saa mbili na robo asubuhi. Jua limeshaingia ukumbini kupitia ukuta mrefu wa vioo, na sakafu mpya ya vigae vya rangi ya mchanga inang'aa hadi inaumiza macho. Pembeni kabisa, mahali sakafu inapokutana na ukuta, mwanamke mwenye ovaroli la buluu amepiga magoti. Mkononi ana kisu chembamba. Anakwangua saruji iliyokauka, anapuliza vumbi, anakwangua tena.

"Kuna mtu alinionea huruma jana jioni," anasema bila kuinua kichwa. "Aliona nimeacha uwazi hapa, akadhani nimesahau, akanizibia. Wema wake utanilia asubuhi nzima."

Uwazi anaousema hauzidi upana wa kidole cha mwisho. Unazunguka ukumbi wote kando ya ukuta, na baadaye utafichwa chini ya ubao wa pembeni. Mistari mingine mitatu ya aina hiyo inakatiza sakafu toka upande hadi upande. Hiyo haitajazwa saruji wala grauti, ule uji wa kujazia kati ya vigae, bali silikoni, ambayo ikikauka hubaki laini kama mpira.

Mwanamke huyu ana miaka hamsini na mmoja na amekuwa akipanga vigae kwa miaka ishirini na mitatu. Kwenye majengo wanamwita Fundi Mwanya. Ana mwanya mzuri kati ya meno ya mbele, na wengi hudhani jina limetoka huko.

"Wa mdomoni nilizaliwa nao," anasema na kuuonyesha kwa tabasamu. "Wa sakafuni nimeutafuta kwa machozi."

Msimamizi wa ujenzi anaingia, kofia ngumu kichwani, simu mkononi. Anasimama juu ya mstari wa katikati na kuutazama kama mtu aliyeona ufa.

"Mama, huu lazima uwepo?"

"Lazima."

"Mwenye jengo anasema unamharibia sakafu. Anataka iwe kama kioo."

"Mwambie silikoni itakuwa rangi ileile ya grauti. Akitaka kuuona itabidi ainame, na mwenye jengo hainami."

Msimamizi anacheka, lakini haondoki. "Na tukiuziba kwa saruji tu, yakaisha?"

Fundi Mwanya anaweka kisu chini. Anamwomba aweke kiganja sakafuni karibu na vioo, kisha akiweke kule kwenye kivuli cha nguzo. Msimamizi anafanya hivyo, kwanza kwa mzaha, halafu anarudia bila mzaha.

"Umeona? Na hapo ni saa mbili tu. Vigae vikipata moto vinanenepa. Kidogo, kidogo sana. Lakini ni vingi, na kila kimoja kinamsukuma mwenzake. Visipopata pa kwenda mbele, vitakwenda juu."

"Haya, fundi ni wewe," anasema msimamizi, na kupokea simu iliyokuwa ikilia.

Hakuanza maisha kwa vigae. Alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilipokufa hakuwa na uwezo wa kununua nyingine. Kaka yake, aliyemzidi miaka sita, alikuwa fundi wa sakafu mwenye jina. Akamwita.

"Aliniambia, mwenye jicho la kuona mshono uliopinda ataona na kigae kilichopinda," anakumbuka. "Nikaanza kwa kuchanganya saruji. Mwaka wa pili akanipa mwiko."

Walifanya kazi pamoja miaka kumi na minne. Kaka alipanga, dada alichanganya, alikata na kujaza grauti. Sifa yao ilikuwa moja: kubana. Vigae vyao vilikutana na ukuta bila kuacha hata pa kupitisha karatasi.

"Tulikuwa tunajivunia. Mteja akija, kaka anatoa kisu na kujaribu kukipenyeza pembeni. Kisipoingia, anasema, hiyo ndiyo kazi."

Miaka tisa iliyopita walipewa ukumbi wa kusubiria katika zahanati ya wazazi. Ulikuwa na urefu wa mita kumi na nne, na madirisha makubwa upande wa jua la mchana. Waliupanga kwa siku kumi na moja, wakaubana kama kawaida yao, wakapiga picha pamoja na mganga mkuu katikati ya sakafu.

Miezi minane baadaye, katika wiki yenye joto kali, sakafu iliinuka.

Muuguzi aliyekuwa zamu siku hiyo bado anafanya kazi palepale. "Ilikuwa saa nane na nusu mchana," anasimulia. "Nilisikia mlio kama ubao unaovunjika. Nikageuka. Mstari mzima wa vigae ulikuwa umesimama, viwili viwili vimeegemeana kama paa, kuanzia mlangoni hadi dirisha la dawa."

Mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane alikuwa akitembea kuelekea kwenye mizani. Kigae kilimnyanyukia miguuni, akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Mkono haukuwa wasiwasi mkubwa. Wauguzi walimlaza na kuanza kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto.

Fundi Mwanya alipigiwa simu, akafika akiwa na vumbi la kazi nyingine. Hakuingia ndani.

"Nilikaa kwenye benchi la nje. Kila mlango ulipofunguka nilisimama, nikakaa tena. Nilikuwa nasema kimoyomoyo, Mungu wangu, nimekuja duniani kupanga vigae, sikuja kuua mtoto wa mtu."

Jua lilipokuwa linazama, muuguzi yule alitoka na kumgusa bega. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga vizuri. Wiki tano baadaye alizaliwa msichana, mzima, mwenye sauti ya kuamsha wodi.

Mama wa mtoto huyo, ambaye ni muuza nguo, anaeleza kilichofuata. "Huyu fundi alikuja nyumbani kunisalimia. Akaona mkono wangu bado dhaifu, nguo za mtoto zimejaa beseni. Akavua viatu, akafua. Kesho yake akarudi. Wiki tatu nzima! Nikamwambia, dada, basi, yatosha. Akaniambia, mkono ukipona ndipo yatosha."

Lakini kuna jeraha jingine lililochukua muda mrefu zaidi kupona.

Jioni ile ya ajali, ndugu wawili walisimama kwenye uwanja wa zahanati na kurushiana lawama. Kaka alisema saruji ilichanganywa nyepesi. Dada alisema mpangaji hakugonga vigae vikakaa. Maneno yakapanda, yakafika mahali ambapo ndugu hawapaswi kufika.

"Aliniambia angejua, angeniacha na cherehani yangu mbovu," anasema Fundi Mwanya taratibu. "Na mimi nikamjibu. Nilichomjibu, wewe usikiandike."

Ukiacha mara moja tu, hawakuongea tena kwa miaka minne. Mama yao mzazi, ambaye sasa ana miaka themanini na mmoja na anaishi na binti yake, ndiye aliyekaa katikati. Kijana wake alikuwa akija kumwona saa za kazi, akijua dada yake hayupo.

"Nilikuwa na watoto wawili na mlango mmoja," anasema bibi huyo. "Mmoja akiingia, mwingine ameshatoka. Nikasema, hata kuku wangu wanalala pamoja."

Wiki mbili baada ya ajali, Fundi Mwanya alirudi zahanati peke yake kurekebisha sakafu. Hakuna aliyemlazimisha. Vigae vilivyoinuka vilikuwa ishirini na tatu. Vingi havikuwa vimevunjika. Akavisafisha kimoja kimoja, akavipa namba kwa chaki, akavirudisha vikavu mahali vilipotoka ili aone kama vitakaa.

Ishirini na viwili vilikaa. Cha mwisho kiligoma.

"Nikadhani nimekosea namba. Nikatoa vyote, nikapanga upya. Mara tatu! Vigae vilevile, mahali palepale, na cha mwisho hakiingii. Kilizidi kwa unene wa sarafu."

Akakaa chini na kukitazama. Akagonga saruji ya zamani kwa nyundo. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Haikuwa nyepesi. Akatazama kingo za vigae. Zilikuwa zimesagana, zimetoa unga mweupe. Kumbe havikuwa vimelegea. Vilikuwa vimesukumana kwa miezi minane bila pa kupumulia, na siku ya joto vikashindwa kuvumiliana.

Kando yake kulikuwa na mfuko wa gundi ya vigae. Aliupindua. Mgongoni, chini kabisa, palikuwa na mchoro mdogo: ukuta, kigae, na mshale unaoonyesha nafasi katikati yao.

"Nimepasua mifuko ile kwa miaka, siku zote nasoma tumboni tu, maji kiasi gani, basi. Mgongoni sikuwahi kusoma. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia. Mimi mshonaji mzima! Nguo tunaiachia nafasi ili mtu aweze kukaa na kuinama. Ikimbana inapasuka. Sakafu nikaibana."

Alimfuata mwalimu wa ujenzi katika chuo cha ufundi ili ahakikishe. Mwalimu huyo anasema mafundi wengi wazuri huangukia hapo. "Zege likikauka hunywea, kigae kikipata joto au unyevu hutanuka," anaeleza. "Ukivifunga pamoja bila nafasi, unaweka ugomvi chini ya miguu ya watu. Ndani ya nyumba penye kivuli unaweza kwenda mita sita, saba, bila mstari. Penye jua, tatu au nne zinatosha. Na pale zege la chini lina mkato wa kuliachia nafasi, mkato huo lazima ufike hadi juu. Usiufunike kwa kigae ukajifanya hujauona."

Fundi Mwanya alikata nafasi kuzunguka ukumbi mzima, akaongeza mistari mitatu katikati. Sakafu ile ipo hadi leo. Imepita misimu minane ya joto na haijatoa hata mlio.

Siku aliyomaliza alikwenda nyumbani kwa kaka yake. Alimkuta amesimama mlangoni. Hakukaribishwa ndani.

"Umekuja kunifundisha?" kaka aliuliza.

"Nimekuja kukwambia saruji ilikuwa nzuri na upangaji wako ulikuwa mzuri. Tulibana, kaka. Tulibana wote wawili."

Kaka alishika kitasa. Akafunga mlango.

"Aliufunga taratibu," anasema dada. "Angeubamiza, ningejua ni hasira. Taratibu vile, nikajua amenisikia. Nikaenda zangu."

Miaka iliyofuata haikuwa rahisi. Kazi nne kwa mwezi zilishuka hadi moja, wakati mwingine hakuna kabisa. Wateja waliposikia habari ya mistari walimwona fundi asiyejua kubana. Mmoja alimfukuza katikati ya kazi na kumwita mvivu. Aliondoka na ndoo zake. Huyo mteja alimtafuta miaka miwili baadaye, sebule yake ikiwa imevimba.

"Sikumcheka," anasema. "Nilimcheka nilipofika nyumbani."

Kisha, asubuhi moja ya Jumamosi, simu iliita. Ilikuwa namba aliyoijua kwa kichwa.

"Mdogo wangu," ilisema sauti, bila salamu, kana kwamba walikuwa pamoja jana yake. "Kwenye roshani inayopigwa na jua kutwa nzima, mistari yako unaiweka kila baada ya mita ngapi?"

"Tatu," alijibu. "Na pembeni usisahau."

"Haya."

"Haya, kaka."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote. Alikaa chini sakafuni jikoni, simu bado mkononi, na mama yao akamuuliza nani amekufa.

"Kaka yangu hajui kuomba radhi, anajua kuuliza vipimo," anasema. "Nami nikamsamehe kwa vipimo."

Kaka mtu, fundi mrefu mwenye mvi na sauti nzito, hakatai. "Nilijua tangu siku ile mlangoni," anasema. "Lakini sakafu ngapi nilikuwa nimezijaribu kwa kisu mbele ya watu? Mtu mzima kukubali kwamba alichojisifia ndicho kosa lake, si jambo la siku moja. Mimi lilinichukua miaka minne. Mdogo wangu ana moyo. Mimi nina kichwa kigumu."

Sasa kila mmoja ana kazi zake na vibarua wake. Wanapigiana simu karibu kila siku. Hata hivyo, tangu ajali ile hawajawahi kupiga magoti kwenye sakafu moja.

Hilo ndilo Fundi Mwanya anataka kulibadilisha, na ameanza na nyumba ambayo hakuna mteja wa kumbishia, au ndivyo alivyodhani. Kinyozi hajinyoi: miaka yote hii ameishi juu ya sakafu ya saruji tupu. Amekuwa akinunua vigae maboksi mawili, matatu, na kuyapanga chini ya kitanda. Mwezi uliopita boksi la mwisho liliingia. Chumba cha kwanza kitakuwa cha mama.

Jumapili mchana kaka amekuja kupima. Ameshika ncha moja ya futi ya chuma, dada ameshika nyingine, na bibi amekaa kitandani ameinua miguu ili wapite.

"Mimi mistari yenu siitaki chumbani mwangu," anatangaza bibi. "Nimesikia habari zake miaka minane. Nimechoka nayo."

"Chumba ni kidogo, Mama, katikati haupiti," kaka anamtuliza. "Ni pembeni tu, chini ya ubao. Hutauona."

"Na mkianza mtagombana tena?"

"Tutagombana," anasema Fundi Mwanya. "Rangi tu ya grauti tumeshaigombania tangu asubuhi."

Bibi anawatazama, mmoja kwenye kona hii, mwingine kwenye kona ile.

"Mnaanza lini?"

"Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, joto likipungua."

"Nani anakuja?"

Kaka anaachia futi, inajikunja yenyewe kwa mlio. Dada ndiye anayejibu.

"Wote wawili, Mama. Tunakuja wote wawili."