Neno la Mama

Jirani yangu hapa Bulyaga anafuga ng'ombe mmoja, na kila akinawa kabla ya kukamua, harufu ya sabuni ya mche na ya majani ya tembo yaliyolowa mvua hunifikia dirishani. Mwingine angefunga dirisha. Mimi huacha chai ipoe, nikarudi Kawetele kwenye banda la babu, nikiwa na miaka minane na mdomo usio na breki.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mgawaji wa sifa. Kila mwenye uwezo alimpatia neno lake, na neno hilo lilimkaa sawasawa. Baba, aliyelima tangu alfajiri bila kulalamika, alikuwa jembe. Bibi, ambaye ndizi zake hazikuwahi kuungua, alikuwa fundi. Mtendaji wa kijiji alikuwa kigogo, ingawa hilo babu alilisema midomo ameikunja. Hata mimi nilikuwa "hodali", maana herufi ya r ilimshinda babu mpaka anaingia kaburini. Juu ya wote alikaa Mungu, Mweza Yote, na neno hilo halikuazimwa. Siku moja nilimwita hivyo dereva wa lori la chai aliyejikwamua kwenye tope, na babu, mzee wa kanisa, akanipigisha magoti nitubu palepale uani.

Mama peke yake hakuwa na neno.

Kwetu Wanyakyusa, wakati ule zaidi kuliko sasa, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Babu akija alikohoa tangu mbali, na mama akajitanda kanga, akapotelea migombani. Hawakusalimiana, hawakutajana majina. Nilikuwa naijua desturi hiyo kama njia ya kwenda mtoni, lakini moyoni niliamini kwamba babu amempima mama akamwona si kitu. Iliniuma sana. Nadhani nilimwonea mama huruma kuliko alivyojionea mwenyewe.

Ikaja masika moja, ng'ombe wetu aliyeitwa Sikujua akashikwa na uchungu mchana kweupe, mvua ikimwagika vile Rungwe inavyojua kumwaga. Maziwa yake ndiyo yaliyotulea. Baba alikuwa amekwenda Kiwira kumtafuta bwana mifugo, na barabara ilikuwa tope tupu. Bibi alikuwa msibani. Mguu mmoja wa ndama ulikwisha kutokeza, wa pili hauonekani. Babu alijua la kufanya, lakini mkono wake wa kuume ulikuwa umepooza. Aliyebaki ni mama, amesimama migombani analowa, na mama alikulia kwa watu wa ng'ombe.

Babu alimtazama Sikujua, akaitazama migomba. Kisha akachukua kigoda, akatoka, akaketi nyuma ya banda, mgongo kwenye mabanzi ya ukuta na uso kauelekeza mlimani.

"Gwe Bupe," akaniita, "mwambie mama yako aingie."

Mama aliingia, akajipaka sabuni mpaka juu ya kiwiko. Mimi nikawa mjumbe, nakimbia kulizunguka banda.

"Mwambie amsukume ndama ndani kwanza, ndipo autafute ule mguu."

"Mwambie babu nimeshamsukuma."

"Mwambie asiwe na halaka, angoje ng'ombe mwenyewe asukume."

"Mwambie babu ndicho ninachongoja."

Kwa safari ya tano nilikuwa nimelowa chapachapa, na Sikujua alikuwa ameacha hata kulia. Hapo niliogopa kweli. Mama alikuwa amelaza shavu kwenye mgongo wake, macho amefumba, anatafuta kwa vidole. "Nimeupata," akasema. Akauvuta ule mguu, ikafuata pua, kisha ndama mzima akateleza mpaka kwenye nyasi, kimya. Mama akamtoa ute mdomoni, akamsugua na majani makavu, akamsugua tena, mpaka akapiga chafya.

Nikakimbia kwa babu, nikasimama mbele yake kungoja neno. Jembe, fundi, jabali, lolote lile. Babu akajifuta uso kwa mkono wake mzima.

"Ndaga," akasema kwa kwetu, yaani ahsante. "Mwambie asichelewe kumnyonyesha ndama."

Basi! Hasira zikanipanda. Nikalizunguka banda, nikasimama mbele ya mama aliyejaa damu mpaka begani, nikasema kwa sauti kuu:

"Babu anasema wewe ni mweza yote."

Mama akaacha kusugua. Mimi nikaingoja radi. Nilichosikia ni mvua tu kwenye bati, muda mrefu.

"Mwambie babu, ndaga fijo," mama akasema, yaani ahsante sana, akarudi kumsugua ndama. Huko nyuma babu akakohoa, akaondoka polepole.

Kwa miaka mingi nilijivunia uongo ule, nikidhani nimewapatanisha watu waliokosana. Tulipomaliza kumzika babu ndipo nilipopita nyuma ya banda na kuyatazama yale mabanzi. Nafasi kati ya moja na jingine ilipitisha mkono wangu wa utu uzima. Nyuso zao ndizo zilizokatazwa kukutana, masikio hayakukatazwa, na mbio zangu zote zilikuwa za adabu tu. Nikaona haya, nikamwuliza mama kama siku ile alisikia alichosema babu hasa.

"Neno kwa neno," akasema. "Na lile lako nilijua ni uongo. Nikangoja akanushe, maana alikuwa hapo hapo, nilikuwa nasikia anavyohema."

"Naye?"

"Alinyamaza, mwanangu. Mzee yule na dini yake yote, alinyamaza."