Sikio na Lori la Maziwa

Madereva wenzake walimpachika jina la Sikio, likamganda hata mkewe akaacha kulichukia. Lori likipita barabarani, yeye yumo nyumbani anakunywa chai, angesema, "Huyo belti imelegea," na kabla jua halijazama ungesikia belti imekatika. Walimtania: "Sikio halipiti kichwa!" Naye akajibu: "Na hicho kichwa habari kinapata wapi?"

Alikuwa na lori la kubeba maziwa. Alilinunua limechoka, akalifufua kwa mikono yake, akalizungusha miaka mingi kati ya vijiji vya mlimani, ambako baridi ya alfajiri inauma mpaka kwenye kucha, na mji wa chini. Siku moja, akifunga kamba za turubai, mkono wa kulia ulimlegea kama kitambaa kilicholowa, mguu ukafuata, akaanguka. Alipozinduka hospitalini, upande mzima wa kulia haukuwa wake tena. Maneno nayo yalikuwa yamekwenda na maji. Lilibaki moja tu: bado.

Hakulichagua. Akitaka kusema maji, linatoka bado. Akitaka kusema asante, bado. Mkewe alimuuliza kama amekula, akajibiwa bado, basi siku za mwanzo alilishwa mara mbili mbili, mpaka jirani akasema mgonjwa huyu ananenepa kuliko wanaomuuguza. Walicheka, naye akacheka kwa upande mmoja wa uso. Kalamu ilishindikana. Mkono wa kushoto ulichora mikwaruzo ya kuku, na herufi zenyewe zilikuwa zimemwagika kichwani kama punje.

Mkewe akamtandikia kitanda chumba cha mbele, chini ya dirisha la uani, ili awe karibu na lori lake. Usukani ukashikwa na mdogo wake Sikio, mtu mzima mwenye watoto, mchapakazi, ila mwenye haraka. Na alikuja na wazo zuri kweli. Maziwa yalikuwa yakichacha njiani, kwa hiyo akafunga jokofu nyuma ya lori. Jokofu linakula umeme, alteneta ya zamani, ile mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka, isingeliweza, basi akaing'oa na kufunga kubwa zaidi, iliyotoka kwenye gari jingine.

"Kaka, sikiliza nguvu hiyo!" alipiga kelele kutoka uani, na lori likanguruma.

Sikio alifurahi kama wote. Lakini alfajiri iliyofuata, lori liliporudi nyuma kutoka uani, mwanga wa taa uliingia dirishani ukapiga ukuta. Miaka yote taa zile zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Sasa zilikuwa nyeupe, na kila mafuta yalipokanyagwa zilizidi kuwa kali. Sikio akaelewa. Umeme unazidi.

Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche. Kwenye baridi, kila silinda ina plagi ndogo ya kupashia moto, nyembamba kama kidole cha mtoto, inayoiva mpaka inakuwa nyekundu, ndipo mafuta yanashika. Katika lori lile plagi hazikuzimika papo hapo. Ziliendelea kuwaka dakika chache baada ya injini kushika, ili moshi mweupe upungue. Na injini ikishashika, inayozilisha ni alteneta. Ukubwa wa alteneta si kosa, mradi kidude chake cha kuzuia umeme usizidi kiwe kizima na kiwe cha gari lile. Hiki hakikuwa hivyo. Kila alfajiri, plagi zingelishwa kupita kiasi mpaka ziungue.

Yote haya Sikio aliyajua kama mtu anavyoijua njia ya kwenda jikoni kwake.

"Bado!" alisema, akinyoosha mkono wa kushoto ukutani. "Bado! Bado!"

"Mwanga unakuumiza macho, baba watoto? Pole," alisema mkewe. Siku hiyo hiyo akashona pazia zito akalitundika dirishani.

Yakabaki masikio. Alisikia stata, ile mota ya kuwashia injini, ikizunguka vizuri, injini ikikohoa, ikitetemeka kabla ya kushika. Plagi moja imekufa. Baada ya siku chache ikafuata ya pili. Mdogo wake akafunga mpya zote, lori likawaka mara moja, naye akajisifu: "Si nilikuambia, shemeji? Zilikuwa zimezeeka tu!" Haukupita muda mrefu, kikohozi kikarudi.

Siku hiyo mdogo wake alikuja kukaa pembeni ya kitanda.

"Kaka, ni mafuta machafu?"

Sikio akatikisa kichwa.

"Betri?"

Akatikisa tena.

"Stata? Waya?"

Aliulizwa kila kitu cha zamani. Kilichokuwa kipya hakikuulizwa, maana mtu hashuku kitu anachojivunia. Sikio akamkamata shati, akamvuta kuelekea dirishani, akasukuma pazia, akaonyesha lori.

"Ndiyo, kaka, ni lori lako," alisema mdogo wake, machozi yakimlenga. "Nalitunza. Usiwe na wasiwasi."

Asubuhi ya baridi kali kuliko zote, injini ilikataa, ikakataa tena, mwishowe ikashika kwa taabu. Ndani ya mngurumo ule Sikio alisikia mlio mdogo wa chuma kikigonga chuma. Kuna kitu kimeangukia silindani. Zima, alitaka kusema. Zima sasa hivi!

"Bado! Bado! Bado!"

Mkewe, aliyekuwa mlangoni, akageukia uani: "Anasema bado!"

"Bado haijashika vizuri? Haya, naongeza!"

Mguu ukakandamiza mafuta. Chuma kilipiga, kikapiga, kikapasuka kwa kishindo, kisha pakawa kimya.

Fundi aliyeifungua injini aliwaonyesha plagi iliyovimba kama njugu iliyolowa, ncha yake imekatika, na pistoni iliyotoboka. "Umeme ulikuwa mwingi mno," alisema. "Kwani hamkuona taa zinavyong'aa?"

Mke aligeuka. Alitazama dirisha lake lenye pazia, akaingia ndani. Mdogo mtu alimfuata akaishia kizingitini.

"Kaka, ulijua."

Sikio aliitikia kwa kichwa.

"Nilikuwa nakusikia," alisema mkewe, akikaa kitandani, "ila sikukuelewa." Sikio alitaka kumwambia kosa si lake, wala si la yeyote aliyekuwa na nia njema. Alifungua mdomo. Mkewe akauwekea kiganja taratibu. "Basi, baba. Usijichoshe."

Injini nyingine haikupatikana. Wafugaji wakatafuta mtu mwingine wa kuwabebea, mdogo mtu akaenda kupakia matofali, na mke akapata kazi ya kuosha makopo kwenye kituo cha maziwa. Hutoka kungali giza, akimwachia mumewe kikombe cha chai upande wa kushoto. Siku nyingine kikombe huteleza vidoleni, chai ikamwagika shukani. Hapo Sikio hulala juu ya unyevu ule, ukipoa taratibu, mpaka mkewe arudi mchana.