Nilichoma Usumba wa Marehemu Mke Wangu

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu, nimemwomba mhariri alifiche jina langu, maana Mafia ni ndogo na gazeti moja hupita mikono mingi. Nina miaka arobaini na minane, nimefiwa na mke mwaka wa tatu huu, ameniachia binti mmoja. Kazi yangu ni kuchochea moto kwenye mtambo wa stimu wa shamba moja la minazi. Mtambo wenyewe mdogo, unakula vifuu na makumbi ya nazi, maji yanachemka, mvuke unazungusha injini, taa zinawaka ghalani na nyumbani kwa meneja. Kwangu mimi nawasha koroboi.

Marehemu mke wangu alikuwa msokota kamba. Alikuwa akifukia makumbi matopeni pwani, anayaacha miezi, kisha anayafukua na kuyaponda mpaka apate usumba, zile nyuzi za kusokotea. Magunia mawili ya mwisho aliyaponda akayaweka darini, akashikwa na homa ya ghafla, hakuinuka tena. Baada ya arobaini, mkwe wangu, yaani mama yake, akaniambia, "Usumba huo usiuguse, baba. Mjukuu wangu akipata mchumba nitausokota mwenyewe, kiwambwe kitanda chake cha harusi. Alalie kazi ya mkono wa mama yake." Nikasema inshallah.

Masika iliyopita mvua haikukatika. Makumbi yote ya uwanjani yalilowa, moto ukazimika, boila likapoa. Meneja alikuwa na wageni kutoka Dar es Salaam. "Taa zisipowaka leo, kesho usije," akaniambia. Nilikuwa napuliza moshi tangu alfajiri, macho yamevimba, mgongo unauma. Nikaenda nyumbani, nikapanda darini. Nilijiambia nachukua fungu moja tu la kuwashia. Fungu likawa gunia, gunia likawa mawili. Magharibi taa zikawaka. Sikulia wala sikujuta siku ile, nilikuwa nimechoka mno. Nilikaa chini nikaona afadhali.

Mwaka huu binti yangu akaposwa. Nikaenda Kirongwe, nikapata usumba kwa bibi mmoja, nikaujaza kwenye magunia yale yale na kuyarudisha darini. Nikajiona mjanja.

Juzijuzi mkwe wangu akaja kuanza kazi. Macho yake siku hizi ni mabovu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika marahaba, akaketi mkekani, akavuta fungu na kulisokota pajani. Mara mkono ukasita. Nikajua nimekwisha.

"Huu haukupondwa vizuri," akasema. "Una maganda ndani."

Akalichambua lile fungu kwa vidole.

"Mwanangu hakuwa mponda ovyo. Kumbe alikuwa anaumwa siku nyingi, asiniambie. Na mimi mwezi ule nilimwita mvivu, kwa kumkuta amelala mchana."

Tangu siku hiyo chakula hakimpiti kooni. Anasokota huku akichambua maganda kwa kucha, machozi yanamtoka, anaomba radhi kwa mtu aliye kaburini. Binti yangu anakaa ubavuni mwake, anamfuta uso, anadhani bibi analia kwa sababu ya harusi.

Wazee walisema majuto ni mjukuu. Yangu mimi yamekuja na mkwe pia. Nikisema kweli, binti yangu atajua kuwa mkono wa mama yake niliutia motoni ili wageni wa watu wapate taa. Nikinyamaza, yule mama atakufa akiamini alimsimanga mwanawe mgonjwa, na mke wangu, ambaye pwani yote hii hakuna aliyeponda kumshinda, atabaki na sifa ya kazi mbovu isiyo yake. Nimechoka, jamani. Hata moto sasa nauchochea bila kuutazama.

Kitanda kitawambwa baada ya Maulidi. Nishaurini, nimwambie, au nimwache amalize? Ila msikawie kunijibu. Yeye mikono yake haichoki, na gunia la kwanza limekwisha.